Matema au Ngosi: hema lako likalale ziwa gani?

Mkazi wa Mbeya mwenye hema, mapumziko ya siku mbili na hamu ya kulala kando ya maji ana njia mbili, na zote zinaanzia pamoja pale Uyole kwenye barabara ya Tukuyu. Ya kwanza ni fupi: kabla ya kufika Tukuyu unashuka Mchangani, unaacha lami, unaingia msitu wa Uporoto na kupanda hadi ukingo wa Ziwa Ngosi, mita 2,600 na ushee juu ya usawa wa bahari. Ya pili inateremka moja kwa moja, inapita chai na migomba ya Rungwe, inaingia kwenye kakao na mpunga wa Kyela, inachepuka Kikusya kwenda Ipinda na kuishia Matema, kwenye mchanga wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mita 475 tu. Tofauti ya kimo inazidi mita 2,100. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo usiku uleule mmoja Ngosi huwa baridi kuliko Matema kwa nyuzi 13 au 14.

Tunazungumzia kambi ya kujitegemea kabisa, isiyo na bomba wala umeme, ambapo choo unachimba au unaomba. Matema zipo nyumba za wageni zinazokupa sehemu ya kupiga hema pamoja na choo na bafu. Ukichagua hizo, nusu ya yaliyo hapa chini hayakuhusu, na si aibu hata kidogo, hasa ukiwa na watoto.

Watu wengi huchagua kwa picha. Picha za Ngosi zinapendeza kuliko zote, maji ya kijani ndani ya bakuli la msitu, basi mtu anabeba shuka moja na godoro la sponji akapande huko mwezi wa saba. Ushauri wetu ni kuchagua kwa kuangalia kwanza ulichonacho: blanketi ngapi, vigingi vya aina gani, madumu mangapi, na mgongo wa kubebea. Maziwa haya mawili yanadai vifaa tofauti kabisa, na safari nyingi zinazoharibika zimeharibikia hapo.

Msimu

Kyela na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua inaanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Machi na Aprili ndiyo miezi yake mikali. Matema mwezi wa nne si kambi. Mito inayoshuka kutoka safu ya milima ya Livingstone inajaa kwa saa chache, na Lufilyo hufurika hadi kwenye mashamba. Ziwa lenyewe hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita moja kila mwaka: huwa juu kabisa karibu na Mei na chini kabisa karibu na Novemba. Maana yake, ufukwe uliouona mpana Oktoba, Mei utaukuta umebaki kipande.

Kwa Matema, Juni hadi Septemba ndiyo nzuri. Usiku una ubaridi wa kulalia shuka na kanga, mchana joto linavumilika. Oktoba na Novemba kabla ya mvua ni joto la kukosesha usingizi ndani ya hema, na jua likichomoza tu, hema linakutoa nje.

Ngosi ni kinyume. Juni na Julai, ambazo ni nzuri Matema, ndiyo baridi kali ya Uporoto. Kule juu usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 5, na ukungu unalowesha kila kitu hata bila tone la mvua. Tunapendelea Septemba na Oktoba, njia ikiwa bado kavu na baridi imepungua makali. Ukiwa na likizo ya Saba Saba tu, jibu ni Matema bila kujadiliana. Likizo ya Desemba haifai kote kuwili; kama ni lazima, tafuta chumba.

Ardhi, vigingi na kamba

Hapa ndipo Matema inapowashinda watu. Kigingi cha waya kinachokuja na hema la dukani kina urefu wa sentimita 18 hivi, na kimeundwa kwa udongo wenye majani. Ukikichomeka kwenye mchanga mkavu kinaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole. Jioni kunatulia, unaamini hema limekaa. Upepo wa kusi, ambao wavuvi wa ziwa hili wanauita mwera, ukishika mchana wa kesho yake, unarudi kutoka kuoga unalikuta hema limebiringika hadi kwenye nyavu za watu.

Dawa yake ni nanga ya kuzika, na inahitaji viroba tu. Chukua kiroba tupu cha sukari au unga, ukate vipande vinne vya kama sentimita 40 kwa 40, au beba vijiti vinne vya unene wa dole gumba na urefu wa sentimita 40. Kwa kila kona chimba shimo refu kwenda chini sentimita 40 hadi ufikie mchanga wenye unyevu. Mchanga mkavu wa juu haushiki kitu. Funga kamba katikati ya kijiti, au kwenye pembe nne za kiroba ulichokijaza mchanga. Laza nanga chini, kijiti kikiwa kimekingama na kamba, si kikiuelekea mvuto wake. Kisha chonga mfereji mwembamba kutoka shimoni kuelekea hema ili kamba ipande kwa mteremko wa taratibu; ikipanda wima itaing'oa nanga. Fukia, kanyaga kwa kisigino, mwagia maji lita mbili tatu, kanyaga tena. Vuta kwa uzito wako wote. Ikisogea, shimo ni fupi. Nanga nne zinachukua nusu saa, na baada ya hapo hema la kuba la watu watatu halitikisiki.

Kwa sehemu ya kupiga, tafuta kwanza mstari wa takataka ulioachwa na mawimbi: majani, magome, vipande vya matete. Kuna mstari wa jana, na juu yake upo wa zamani uliokauka. Piga hema juu ya ule wa zamani, na uongeze hatua ishirini. Epuka mfereji wowote wa mchanga unaotoka milimani hata kama ni mkavu na umesawazika vizuri, kwa sababu usawa huo ndio kazi ya maji. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri, lakini msimu wa maembe usilale hapo. Embe moja la usiku linatoboa kitambaa au kuvunja nguzo ya faiba.

Mlango usiuelekeze ziwani moja kwa moja, ingawa ndiyo hamu ya kila mtu. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milimani, kwa hiyo upande mwembamba wa hema uelekee kwenye mstari wa ziwa na mlima, na mlango uwe ubavuni. Utaona ziwa kwa kugeuza shingo, na mchanga hautajaa kwenye zipu. Zipu zilizokula mchanga ndiyo kifo cha kawaida cha mahema Matema. Beba brashi kuukuu ya meno, na usivute kwa nguvu zipu inayokwaruza.

Ngosi ardhi ni majivu ya volkano yaliyofunikwa na mboji ya msitu. Kigingi kinaingia kirahisi, kinashika wastani, na mizizi ndiyo inayosumbua. Vigingi virefu vya sentimita 25 vinatosha. Visipopatikana, funga kamba kwenye shina la mti, ila si kwenye mwanzi mkavu. Shida kubwa ni nafasi. Ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lililobeba ziwa, ni mwembamba, upande wa ndani ni ukuta unaoanguka mamia ya mita hadi majini, na majani yanaficha mahali ardhi inapokoma. Hema lipigwe kabla ya saa kumi na moja jioni, mkiwa bado mnaona, na pawe na hatua kumi za wazi kati ya mlango na ukingo. Anayeamka usiku kukojoa aende upande wa nje wa mlima, akiwa na tochi ya kichwani.

Jambo moja linahusu kote: turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita tano kila upande. Likichomoza nje, linakinga mvua na kuiingiza chini yako. Tumeona mahema mazuri ya bei kubwa yamelowa kwa sababu hiyo tu.

Kulala

Matema, adui ni jasho na mbu. Hema lenye wavu pande mbili ni bora kuliko hema la bei ghali lenye kitambaa kizito. Ukivua kifuniko cha nje usiku wa Agosti usio na mawingu, utalala vizuri, ila kiwe karibu, kamba zake zimeshafungwa upande mmoja. Godoro la sponji linafaa. Chini ya hapo mkeka, basi.

Ngosi, baridi haitoki juu tu. Ardhi inakunyonya joto kupitia sponji iliyobonyezwa na mgongo, na sponji hiyohiyo inafyonza unyevu wa sakafu, asubuhi ni nzito kama imetoka mtoni. Tandiko sahihi ni mkeka wa povu gumu lisilofyonza maji, unene wa sentimita moja au zaidi. Watu wawili wenye blanketi nne na mkeka huo wanalala, wenye blanketi nne juu ya turubai wanatetemeka hadi alfajiri. Begi la kulalia ni bora zaidi ukilipata. Soma joto lililoandikwa, chagua la nyuzi 5 au chini yake. Soksi kavu, kofia ya sufu na sweta vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, visivaliwe wakati wa kupanda. Nguo uliyopandia imejaa jasho, nayo ukilala nayo ndiyo itakayokugandisha.

Tena, usifunge hema lote kwa kuogopa baridi. Watu wawili wanatoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi na ngozi usiku mmoja, na kama hakuna pa kutokea yanageuka matone kwenye kitambaa na kuwadondokea. Acha matundu ya juu wazi, na kamba za kifuniko cha nje zivutwe hadi kisigusane na hema la ndani.

Hili tunalisema kwa msisitizo wote: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata kwa dakika tano, hata mkaa ukiwa umebaki kijivu. Mkaa unaofukuta unatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyechoka kwa kupanda analala humohumo asiamke. Nyanda hizi zenye baridi zimeshazika watu wengi kwa jiko la chumbani, na hema ni dogo kuliko chumba. Kama baridi imezidi, chemsha maji, yamimine kwenye chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, funga sawasawa, vika chupa soksi, iweke katikati ya mapaja.

Maji

Hapo ukingoni Ngosi hakuna maji ya kuchota. Ziwa unaliona, lakini kulifikia ni kushuka ukuta wa matope na mizizi, kazi ya hatari isiyofaa kufanywa kwa ajili ya dumu. Hata ukifika, maji yake yana chumvi ya sodiamu na kloridi kutokana na joto la volkano chini, hayana mto wa kuyatoa, si ya kunywa. Kila tone linapandishwa. Hesabu yetu kwa mtu mmoja, usiku mmoja: lita tatu za kunywa, lita mbili za kupikia na kunawa. Wawili ni lita kumi, na lita kumi ni kilo kumi juu ya mabegi yenu. Tumia chupa za lita moja na nusu zilizogawanywa kwa kila mtu, siyo dumu moja. Dumu likimponyoka aliyelibeba, mmekosa yote.

Matema maji yapo hatua chache kutoka mlangoni, na urahisi huo ndio mtego wake. Ziwa Nyasa lina kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na karibu na makazi, na kimelea kinapenya ngozi nzima, hakihitaji kidonda. Oga sehemu ya wazi yenye mchanga na mawimbi, mbali na matete na mahali panapooshewa vyombo. Kujifuta taulo haraka kunasaidia kidogo, lakini si kinga ya kuitegemea. Kama una madumu ya lita 20 ya kutosha, chota maji leo, yafunike, uyaogee keshokutwa: vimelea hivyo havivuki saa 48 nje ya konokono. Kwa haraka, yachemshe yapoe. Na wiki sita hadi nane baada ya safari, nenda kapime choo na mkojo. Dawa ya prazikwanteli inatibu vizuri ikijulikana mapema, lakini kichocho kilichokaa miaka kinaharibu ini na kibofu kimyakimya.

Maji ya kunywa Matema chemsha hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, au weka vidonge vya klorini na kusubiri nusu saa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa, kwa sababu klorini inaishia kwenye tope.

Chakula

Kwa Matema hakuna la kusumbua. Mchele wa Kyela, ndizi, mbasa na usipa wa wavuvi asubuhi, mkaa wa kununua kijijini, jiko la kawaida. Hata mtungi wa gesi wa kilo 6 unabebeka ukiwa na gari. Jiko likingwe upepo kwa kulifukia nusu kwenye mchanga, na mfuniko wa sufuria usisahaulike, maana mchanga unaingia kwenye wali na hautoki.

Ngosi mtungi huo unauacha nyumbani. Ukiwa umejaa unafika kilo 12 au 13 kwa sababu ya chuma chake. Tumia kopo dogo la gesi na jiko lake la kukunja. Kopo lenye gesi ya butani pekee hudhoofika baridi ikikaribia nyuzi sifuri, moto unakuwa wa kusuasua alfajiri. Lala nalo chini ya blanketi, asubuhi litawaka. Kimo nacho kina hesabu yake: kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 91 au 92 hivi badala ya 100. Maharage yatakumalizia gesi kabla hayajaiva. Beba vilivyopikwa tayari: viazi vya kuchemsha, chapati, mayai, nyama iliyokaangwa ikakauka, na tambi za kuiva haraka kwa supu ya moto ya usiku. Moto wa kuni msituni haukubaliki. Ni msitu wa hifadhi, na mboji ya Uporoto inashika moto chini kwa chini na kutokea mahali pengine siku ya pili.

Mbu, siafu, mamba na gesi

Kyela ni eneo la malaria kwelikweli. Chandarua chenye dawa kifungwe hata kama hema lina wavu, kwa sababu mlango wa hema unafunguliwa mara ishirini jioni moja. Vaa suruali na mikono mirefu kuanzia magharibi. Homa ikija siku saba au zaidi baada ya kurudi, pima kabla ya kumeza chochote. Ngosi mbu si tatizo, tatizo ni siafu msimu wa unyevu. Kabla ya kupiga hema zunguka eneo ukitazama njia zao, usiweke chakula sakafuni, na wakija usiku usipigane nao: kung'uta blanketi, toka, waache wapite. Mbega mnaweza kuwasikia alfajiri. Wao hawana shida na mtu.

Mamba wapo Ziwa Nyasa, na wanapenda midomo ya mito. Ulizia wavuvi mahali wanapoogea watoto wao, nawe ukaoge hapohapo, mchana. Usioshe vyombo vya samaki ukingoni jioni.

Ngosi kuna kitu wageni hawakijui. Ardhi ya volkano ya Rungwe inavuja kaboni dayoksaidi kiasi kwamba gesi hiyo huvunwa wilayani kwa biashara. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inatuama mabondeni usiku usio na upepo. Kwa hiyo usipige hema ndani ya shimo au kibonde kilichofungwa, hata kama ndipo palipokingwa baridi vizuri. Ukiona panya au ndege waliokufa bila sababu, hama mara moja.

Ruhusa na choo

Msitu unaozunguka Ngosi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kulala kunahitaji kibali chao, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue risiti. Chukua na mwongozaji wa kijijini. Njia zina matawi, na ukungu ukishuka hata mwenyeji anapunguza mwendo. Bodaboda kutoka barabarani inakufikisha karibu na pa kuanzia kupanda, lakini mvua ikinyesha uwe tayari kutembea yote.

Matema nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kwanza. Ufukwe unaouona mtupu una wenyewe: hapa wanaanika dagaa, pale wanavuta nyavu alfajiri. Hema lililopigwa njiani mwa nyavu litaondolewa, na litaondolewa saa kumi usiku. Jitambulishe, waamkie wazee, uliza pa kulala. Mara nyingi utapewa mlinzi wa jirani na choo cha nyumbani kwa malipo ya kawaida, na hicho choo kichukue. Mchangani, maji ya ardhini yako karibu, uchafu hauozi vizuri, na watoto wa watu wanachimba hapohapo kesho. Ngosi chimba sentimita 15 hadi 20 kwenye mboji, upande wa nje wa mlima, mbali na njia, ufukie. Karatasi rudi nazo.

Masoko na Mtera, kwa kifupi

Asiyetaka ukali wa upande wowote aangalie Ziwa Masoko, kusini ya Tukuyu, mita 840 hivi. Ni kreta ndogo ya mviringo yenye upana wa mita 700, na kando yake kuna jengo la enzi za Wajerumani. Wenyeji watakusimulia habari za fedha zilizotupwa ziwani. Joto ni la kati, blanketi moja inatosha, kigingi cha kawaida kinashika, gari linafika. Mapungufu yake: udongo wa huko ukilowa unanata hadi kwenye zipu, na kina kinaongezeka ghafla, kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki nchi kavu. Kwa anayeanza na hema jipya, tungemwambia aanzie Masoko.

Wa Iringa watauliza habari za Mtera, bwawa la Ruaha Mkuu kwenye barabara ya Dodoma. Ni kukavu, joto, na samaki ni wa kumwaga. Lakini viboko na mamba wamejaa, na kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi kwa njia zake za kudumu. Hema ufukweni pale hatulishauri kwa yeyote asiye na mwenyeji anayezijua njia hizo; lala juu, mbali na maji, ndani ya ua wa mtu.

Ukiwa na gari, watoto, au mgongo tu

Watoto chini ya miaka kumi: Matema, Julai au Agosti, sehemu yenye choo, chandarua kwa kila mmoja. Wazee wanaotaka utulivu: Masoko, warudi kulala Tukuyu baridi ikizidi. Vijana wanne wenye miguu, mikeka ya povu na nguo za sufu: Ngosi, Septemba, usiku mmoja, si miwili, kwa sababu usiku wa pili unadai lita nyingine tano kwa kila mtu. Mwenye bajeti ndogo asidanganyike kwamba Ngosi ni rahisi kwa kuwa ni karibu: kibali, mwongozaji, begi la kulalia na gesi vinazidi nauli ya kufika Matema na kurudi.

Mwenye siku nne na anayetaka yote mawili aanze na Ngosi. Miguu bado ina nguvu, zipu hazijala mchanga, na hema litakaloshuka limelowa ukungu litaanikwa kwenye jua la Matema na kukauka kwa saa moja. Akigeuza mpangilio, atapanda Uporoto na hema lenye kilo nzima ya mchanga mikunjoni, na akirudi Mbeya atalifungia kabatini likiwa bichi, likaote ukungu kabla ya safari ijayo. Likishakauka Matema, likung'ute kwa kulipindua nje ndani, piga mswaki zipu, paka nta ya mshumaa kwenye meno yake, ndipo ulikunje.